Risasi na Akili ya Mtoto

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima: Afya ya Nyumbani

Walio mbali na redio wasogee karibu. Wenye madaftari wayafungue. Leo tuna neno moja la kujifunza, nalo ni RISASI.

Mwalimu, tafadhali liandike neno hilo ubaoni kwa herufi kubwa: RI-SA-SI. Wanafunzi, lisomeni kwa pamoja, kisha liandikeni katika madaftari yenu. Nitawangoja.

(Kimya kidogo.)

Vema. Neno hili lina maana mbili. Maana ya kwanza mnaijua nyote, ni risasi ya bunduki. Maana ya pili ni madini ambayo risasi ya bunduki ilitengenezwa kwayo tangu zamani. Madini haya ni ya rangi ya kijivu, mazito sana, tena laini hata waweza kuyakwaruza kwa ukucha. Huyeyuka upesi juu ya moto wa makaa. Wavuvi wanayajua, kwa maana ndiyo chubwi wanayofunga kwenye mshipi ili ndoana izame. Fundi wa redio huyatumia anapolehemu nyaya. Na betri ya gari ni nzito kwa sababu ndani yake mna kilo kadhaa za risasi.

Labda mmoja wenu anauliza, "Na hii kalamu ya risasi niliyoshika mkononi?" Swali zuri. Wazee wetu waliiita kalamu ya risasi, lakini ndani yake hamna risasi. Kile cheusi kinachoandika huitwa grafaiti, ambayo ni jamaa ya makaa, nayo huchanganywa na udongo. Basi andikeni bila hofu. Msiitafune tu, kwa sababu rangi ya nje ya vitu vingi huweza kuwa na risasi, kama tutakavyoona.

Somo letu la leo ni hili: madini ya risasi ni sumu, na sumu hiyo humdhuru zaidi mtoto mdogo. Humdhuru katika kitu ambacho kila mzazi angependa mwanawe awe nacho, yaani akili ya kujifunza. Tena huweza kumdhuru bila mtoto kuonekana mgonjwa. Sikilizeni kwa makini, maana jambo hili ni la nyumba zetu.

SEHEMU YA KWANZA: RISASI HUINGIAJE MWILINI?

Risasi haipiti kwenye ngozi kwa urahisi. Huingia kwa njia mbili kubwa, yaani mdomo na pua. Mtu humeza vumbi lenye risasi, au huvuta moshi na vumbi lake.

Mtazame mtoto wa mwaka mmoja au miwili. Anatambaa sakafuni. Anashika ukuta, anashika udongo, anashika kiatu cha baba. Kisha mkono ule ule anautia mdomoni. Ndivyo Mungu alivyomwumba, na ndivyo anavyojifunza ulimwengu. Lakini kama sakafu ina vumbi la risasi, kila siku atakula kidogo.

Vumbi hilo hutoka wapi? Nitataja mahali pachache.

Kwanza, betri kuukuu za magari na za umeme wa jua. Betri ikivunjwa kwa nyundo uani, au risasi yake ikiyeyushwa kwenye sufuria, moshi na vumbi huanguka juu ya udongo. Risasi haiozi kama ganda la ndizi. Inayoanguka leo itakuwapo miaka mingi ijayo.

Pili, rangi za kupaka nyumba, milango, viti na vitu vya kuchezea. Tangu zamani watengenezaji wengine wametia risasi katika rangi, hasa za manjano, nyekundu na nyeupe, ili ing'ae na kudumu. Rangi hiyo ikizeeka hubanduka, ikawa magamba na unga.

Tatu, nguo za kazi. Baba au mama afanyaye kazi ya betri, ya kuyeyusha chuma chakavu, au ya kukwangua rangi, huleta vumbi nyumbani katika nguo, viatu na nywele. Mtoto humkimbilia na kumkumbatia.

Nne, vitu vinavyokwenda mdomoni au usoni. Sufuria nyingine zilizosubiwa kwa vyuma vya takataka zina risasi inayoingia katika chakula. Baadhi ya wanja unaopakwa machoni mwa watoto una risasi. Na udongo wanaokula baadhi ya mama wajawazito, kama ule uitwao pemba, umepimwa ukaonekana mara nyingine kuwa na risasi.

SEHEMU YA PILI: KWA NINI MTOTO KULIKO MTU MZIMA?

Andikeni sababu hizi tatu.

Sababu ya kwanza: mwili wa mtoto hupokea risasi zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba risasi ikimezwa, mtoto mdogo huipokea mwilini mara 4 au 5 zaidi ya mtu mzima. Na mtoto mwenye njaa, au aliyepungukiwa na madini ya chuma na kalsiamu, hupokea zaidi tena. Kalsiamu ni ile chokaa ya mwilini inayojenga mifupa na meno.

Sababu ya pili: ubongo wa mtoto ungali unajengwa. Katika miaka 5 ya kwanza ubongo hukua mpaka kukaribia ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Nyumba inayojengwa ikitiwa matofali mabovu kwenye msingi, kasoro hiyo hubaki hata baada ya kuezekwa. Sumu inayoingia wakati wa kujengwa hudhuru zaidi kuliko sumu inayoingia kazi ikiwa imekwisha.

Sababu ya tatu: mtoto anaweza kuipata kabla hajazaliwa. Risasi iliyoingia mwilini hukaa katika mifupa kwa miaka mingi. Mama akichukua mimba, mwili wake huchota kalsiamu mifupani ili kumjenga mtoto, na risasi iliyojificha humo hutoka pamoja nayo. Hupita katika kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni. Basi risasi aliyoila mama alipokuwa msichana yaweza kumfikia mtoto wake baada ya miaka mingi.

SEHEMU YA TATU: RISASI HUFANYA NINI NDANI?

Ubongo ni kama ofisi kubwa yenye vyumba vingi sana. Chumba kimoja hupeleka habari kwa chumba kingine. Ukiona moto, habari hukimbia kutoka jichoni mpaka ubongoni, na kutoka ubongoni mpaka mkononi, nao mkono hujitoa. Kazi ya kupeleka habari hizo huhitaji kalsiamu. Twaweza kusema kwamba kalsiamu ni tarishi wa ofisi hiyo.

Risasi hufanana na kalsiamu kiasi cha kuudanganya mwili. Ni kama mtu aliyevaa nguo za tarishi bila kuwa tarishi. Mlango hufunguliwa, naye huingia na kuketi mahali pa tarishi wa kweli. Barua nyingine hazifiki, nyingine hufika zisipotakiwa. Kwa mtoto mdogo, hapo ndipo njia za ubongo zinapotengenezwa, na nyingine hazitengenezwi sawasawa.

Tena risasi huzuia mwili kutengeneza damu nzuri, na mtoto hupungukiwa na damu. Hudhuru figo. Huweza kupunguza kimo na nguvu ya kusikia.

Sasa sikilizeni dalili. Risasi ikiwa nyingi sana, mtoto huumwa na tumbo, hufunga choo, hutapika, huwa mweupe viganjani, hulegea, hata hupatwa na degedege na kuzimia. Wengine hufa. Dalili hizi hufanana na za malaria na maradhi mengine, na kwa hiyo watu hupotea.

Lakini risasi ikiwa kidogo, hakuna homa, hakuna kutapika. Mtoto anacheza, anakula, anakua. Ila huenda akachelewa kusema. Akienda shule hawezi kutulia, husahau alilofundishwa jana, hukasirika upesi. Mwalimu humwita mvivu. Baba humwita mtundu na kumchapa. Hakuna anayejua kwamba mtoto ametiliwa sumu.

Tusikosee hapa. Si kila mtoto mzito wa kujifunza ameingiwa na risasi. Ziko sababu nyingine, kama njaa, masikio mabovu, macho mabovu na maradhi. Ninalosema ni hili, kwamba kabla ya kumlaumu mtoto yafaa kutafuta sababu, na risasi ni mojawapo.

SEHEMU YA NNE: HESABU KIDOGO

Ni kiasi gani kinachodhuru? Chukueni kalamu, tufanye hesabu.

Risasi ya damuni hupimwa kwa mikrogramu. Gramu 1 ya chumvi ni chini kidogo ya robo ya kijiko cha chai. Igawe gramu hiyo mafungu milioni 1, na kila fungu ni mikrogramu 1. Ni chembe ndogo mno.

Damu hupimwa kwa desilita. Desilita 1 ni sehemu ya kumi ya lita, yaani chini kidogo ya nusu glasi. Katika mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtu akiwa na mikrogramu 5 au zaidi za risasi katika desilita 1 ya damu, lazima itafutwe inakotoka na kuondolewa. Shirika hilo linasema pia kwamba hakuna kiasi kinachojulikana kuwa ni salama. Hata chini ya 5, madhara yamepatikana.

Sasa, mtoto wa miaka miwili au mitatu ana damu ipatayo lita 1, yaani desilita 10. Zidisha 5 kwa 10. Mmepata ngapi?

(Kimya kidogo.)

Naam, 50. Mikrogramu 50 tu katika damu yake yote. Haya, gawanya milioni 1 kwa 50. Jibu ni 20,000. Maana yake, kama gramu 1 ya risasi ingeingia yote katika damu, ingetosha kuwafikisha watoto 20,000 kwenye kiasi hicho cha hatari. Na betri moja ya gari ina kilo kadhaa. Sasa mwaelewa kwa nini betri haivunjwi uani.

Mwaka 2020 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, yaani UNICEF, lilitangaza pamoja na wenzake kwamba watoto wapatao milioni 800 duniani wana mikrogramu 5 au zaidi katika desilita ya damu. Hiyo ni kama mtoto 1 katika kila watoto 3. Walio wengi wako katika nchi maskini.

SEHEMU YA TANO: JAMBO HILI LILIJULIKANAJE?

Watu walijua tangu kale kwamba wafanyakazi wa risasi huugua. Habari za watoto zilichelewa kujulikana.

Huko Queensland, katika nchi ya Australia, madaktari wa mji wa Brisbane waliona watoto wenye sumu ya risasi tangu miaka ya 1890. Hawakujua inatoka wapi. Mwaka 1904 daktari mmoja, J. Lockhart Gibson, alieleza kwamba ilitoka katika rangi ya mbao za baraza. Jua kali liliifanya rangi kuwa unga, watoto walishika mbao zile wakicheza, kisha walitia vidole mdomoni. Wengi walikataa kumsadiki. Ilipofika mwaka 1922 ndipo Queensland ilipotunga sheria ya kukataza rangi ya risasi mahali ambapo mikono ya watoto hufika.

Hata baada ya hapo, watu wengi walidhani kwamba mtoto asipougua na kulazwa, basi hana neno. Daktari wa Marekani, Herbert Needleman, alitaka kujua kama ni kweli. Risasi ya damuni hupungua baada ya wiki chache, lakini ile ya mifupani na menoni hubaki. Basi akawaomba watoto wa shule za Chelsea na Somerville, karibu na Boston, wampe meno yao ya utoto yaliyong'oka. Akapima risasi iliyomo. Walimu nao, bila kujua jino la nani lina nini, walieleza tabia za kila mtoto darasani.

Majibu yalitolewa mwaka 1979. Watoto wenye risasi nyingi menoni, ambao hawakuonekana wagonjwa hata kidogo, walipata alama chache zaidi katika mtihani wa akili. Walimu walisema kwamba watoto wenye risasi nyingi zaidi walikuwa wepesi zaidi wa kupoteza fikira na wazito zaidi wa kufuata maagizo. Baada ya miaka 11 wakatazamwa tena. Wale wenye risasi nyingi ndio walioacha shule kwa wingi kabla ya kumaliza. Kumbe miaka haikuufuta uharibifu ule.

SEHEMU YA SITA: OWINO UHURU, MOMBASA

Tusidhani kwamba haya ni ya ng'ambo tu. Katika mji wa Mombasa, nchini Kenya, uko mtaa uitwao Owino Uhuru. Kando yake palikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi. Moshi ulishuka juu ya nyumba, na maji machafu ya kiwanda yalipita karibu na watu.

Mama mmoja, Phyllis Omido, aliajiriwa katika kiwanda hicho mwaka 2009. Alikuwa na mtoto mchanga. Mtoto akaugua, akatibiwa kama mgonjwa wa maradhi mengine, asipone. Damu ilipopimwa, ikaonekana ina risasi. Fahamuni kwamba mtoto yule hakufanya kazi kiwandani. Mama yake ndiye aliyefanya.

Mama huyo aliacha kazi. Akataka watoto wa majirani wapimwe pia, na wao wakaonekana wana risasi damuni. Akawakusanya wenzake, wakaandika barua, wakaandamana. Alikamatwa, akashtakiwa, akaachiliwa. Hakuchoka. Mwaka 2014 kiwanda kilifungwa, na mwaka 2015 alipewa tuzo ya Goldman, ambayo hutolewa kwa watu wanaotetea ardhi, maji na hewa.

Watu wa mtaa walikwenda mahakamani. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Waliotakiwa kulipa ni kampuni zilizohusika pamoja na idara za serikali ambazo wajibu wao ulikuwa kuzuia jambo hilo. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa iliiondoa amri ya malipo hayo, lakini mwezi wa Desemba mwaka 2024 Mahakama ya Juu iliirudisha.

Hebu hesabuni miaka. Tangu kiwanda kufungwa mpaka hukumu ya mwisho ni miaka 10. Mtoto aliyekuwa na miaka 2 kiwanda kilipofungwa alikuwa na miaka 12. Miaka ya kujengwa ubongo wake ilikuwa imekwisha kupita. Fedha ni haki yao, lakini fedha hazirudishi miaka hiyo.

Huko Senegal jambo lilikuwa baya zaidi. Katika mtaa wa Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, watu walichekecha udongo wa mahali palipovunjwa betri ili wapate vipande vya risasi vya kuuza. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, watoto 18 walikufa.

SEHEMU YA SABA: JE, DAWA IPO?

Ipo dawa ya hospitali inayokamata risasi na kuitoa mwilini. Hupewa mgonjwa aliye na risasi nyingi sana, naye huweza kuokolewa asife. Lakini dawa hiyo haitengenezi upya ubongo ulioharibika. Tena mtoto akitibiwa kisha akarudishwa katika nyumba yenye vumbi lile lile, ataugua tena.

Kwa hiyo dawa kubwa ni kuzuia, na kuzuia kwawezekana. Nitawapa mfano. Tangu miaka ya 1920 risasi ilitiwa katika petroli, na moshi wa magari uliimwaga mijini kote. Nchi zikakubaliana kuiacha. Kufikia Januari 2006 nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliacha kuuza petroli hiyo kwa magari. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha mwaka 2021. Kila nchi ilipoacha, risasi katika damu za watoto ilipungua. Hata katika rangi jambo lawezekana. Umoja wa Mataifa unashauri risasi isizidi sehemu 90 katika kila sehemu milioni za rangi, na Kenya imeweka kiwango hicho.

Na sisi nyumbani? Andikeni haya.

1. Usivunje betri nyumbani wala karibu na watoto, wala usiyeyushe risasi jikoni. Mvuvi anayetengeneza chubwi asitumie sufuria ya chakula, wala asiyeyushe mahali watoto wanapocheza. Betri iliyokufa iuze nzima, bila kumwaga maji yake.

2. Ukirudi kutoka kazi ya betri, ya rangi au ya vyuma, vua viatu na nguo za kazi nje, oga, kisha mpakate mtoto. Nguo hizo zifuliwe peke yake.

3. Mnawishe mtoto mikono kwa maji na sabuni kabla ya kula na kabla ya kulala. Osha na vitu vyake vya kuchezea.

4. Usifagie vumbi kavu ndani ya nyumba. Lowesha kwanza, au pangusa kwa kitambaa kibichi. Fagio kavu hulirusha vumbi hewani, nalo huingia puani.

5. Rangi kuukuu usiikwangue kwa msasa mkavu. Ilowe kwanza, watoto wawe mbali. Ubao uliopakwa rangi usiufanye kuni. Ukinunua rangi, tafuta iliyoandikwa kwamba haina risasi. Na hapa, wanafunzi, mnaona faida ya kujua kusoma.

6. Mpe mtoto chakula kabla hajaenda kucheza, maana tumbo tupu hupokea risasi zaidi. Maziwa, dagaa, maharage na mchicha vina kalsiamu na chuma. Machungwa na maembe huusaidia mwili kupokea chuma. Vyakula hivi haviondoi risasi iliyokwisha kuingia, ila huifungia mlango inayotaka kuingia.

7. Mama mjamzito asile udongo. Wala mama asiache kunyonyesha kwa hofu. Akiwa na shaka, amwulize daktari.

8. Usidhani kwamba kuchemsha maji huondoa risasi. Kuchemsha huua vijidudu. Risasi si kidudu, haifi.

Mkiwa na shaka juu ya mtoto, mpelekeni hospitali na kumweleza daktari waziwazi: "Baba yake anafanya kazi ya betri," au, "Jirani yetu anayeyusha vyuma." Msipomwambia, huenda asifikiri risasi. Si kila zahanati ina chombo cha kuipima, lakini daktari aweza kuwaelekeza kwenye hospitali kubwa.

Na ikiwa karibu nanyi pana kiwanda au karakana inayotoa moshi wa risasi, mtu mmoja peke yake huenda asisikilizwe. Semeni kwa pamoja. Mwoneni afisa wa afya na viongozi wa kijiji au mtaa. Tanzania ipo taasisi ya taifa ya hifadhi na usimamizi wa mazingira. Kenya ipo mamlaka iitwayo NEMA. Andikeni barua, wekeni tarehe, na bakini na nakala. Watu wa Owino Uhuru walishinda kwa sababu walikuwa na karatasi za kuonyesha. Barua hiyo mnaweza kuiandika ninyi wenyewe, kwa maana ndiyo kazi mnayojifunza hapa.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Neno "risasi" lina maana gani mbili? Je, kalamu ya risasi ina risasi ndani yake?

2. Taja sababu tatu zinazomfanya mtoto adhurike kuliko mtu mzima.

3. Kwa nini Daktari Needleman alipima meno, asipime damu?

4. Mtoto ana damu lita 1 na nusu. Kila desilita ina mikrogramu 5 za risasi. Ana mikrogramu ngapi kwa jumla?

5. Tembeeni katika mtaa wenu kabla ya somo lijalo. Andikeni mahali pote panapovunjwa betri, panapolehemiwa, panapoyeyushwa vyuma au panapokwanguliwa rangi. Je, watoto huchezea karibu? Mfanye nini?

6. Andikeni barua fupi kwa afisa wa afya wa mahali penu, mkieleza mlichokiona. Mwalimu ataisahihisha.

Hapo ndipo mwisho wa somo la leo. Mkirudi nyumbani jioni hii, anzeni na jambo dogo, yaani kuwanawisha watoto mikono kabla ya kula. Kwaherini.